Bismillahi ya Kutulia

Borafya, mwanafunzi wangu, alipita juu ya uwanja mara ya pili bila kutua, nami nikavua kofia nikaibwaga chini. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurusha ndege peke yake. Mkuu wa uwanja aliguna nyuma yangu. Asubuhi alikuwa ameshaniambia: kijana akishindwa, ualimu wangu utarudishwa kwa wale marubani wageni walioondoka baada ya Mapinduzi.

"Punguza moto, we!" nilipiga kelele, kana kwamba atanisikia. Ndege ilipinda upande wa Fumba, ikarudi. Safari hii mlio wa injini ulipungua palepale nilipotaka, na magurudumu yakagusa ardhi taratibu.

Nilimkimbilia kabla hajashuka.

"Mara mbili umenipita! Ulikuwa unangoja nini huko juu?"

"Nlikuwa nnakungoja wewe, mwalimu, useme Bismillahi."

Kweli, kila siku tukiruka pamoja mimi ndiye niliyeisema, ndipo yeye hupunguza moto.

"Na hii ya tatu?"

"Nimeisema mwenyewe."

Mkuu alicheka, akampa mkono Borafya. Mimi nilirudi kuokota kofia yangu, hasira bado zimenipanda, wala sijui nimgombeze nani.