Samaki wa Mama Amolo

...na kama si samaki basi ni nini, Nzilani amejiuliza hivyo tangu asubuhi, mkono mmoja ukisugua kijiko cha mbao na mwingine ukijikuna shingoni, maana leo ni siku ya tisa hajaonja samaki, hata harufu yake haijaingia chumba hiki, na bado mabaka yamerudi, yameanza viganjani kama kawaida yake, yakapanda mikono yote miwili, mapana, yameinuka, mekundu pembeni na meupe katikati, na yatapotea, anajua yatapotea, ya jana yaliondoka yenyewe kabla ya ugali kuiva yakaacha ngozi safi kabisa, ungedhani alikuwa akisingizia ugonjwa apate kupumzika, ya juzi vivyo hivyo, kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika, amalizie hiki kijiko chenye kichwa cha swala mpinini, masikio ya swala ndiyo yenye kazi, unakunja msasa mpaka uwe mwembamba kama ukucha, unauingiza kati ya sikio na pembe, unasugua, unapuliza, unasugua tena, vijiko dazeni nane vya oda ya Ujerumani, wazungu wanakorogea majani mabichi navyo, sasa wewe, swala mzima wa kukorogea majani, na vumbi jekundu limejaa mapajani, kwenye leso, kwenye blanketi la kitanda, maana katika nyumba za baraza la mji hapa Shauri Moyo chumba ni kimoja na karakana ya mke wa mchongaji ni hapo hapo anapolala, mama yake pia alimaliza kazi za baba yake hivyo, huko Wamunyu, kwa majani ya msasa yenyewe, kabla ya hizi karatasi za dukani, na hakuwahi kufura hata kidole...

Mlangoni Mativo amempa mgongo, mgongo mpana wa mume wake ukiziba nusu ya mwanga, kikombe cha chai mkononi, anaongea na Nahashon, yule anayepaka vinyago nta huko karakana ya Kariokor, amepita kusalimia tu, hataki kuingia, na maneno yao yanamfikia Nzilani vipande vipande kwa sababu redio ya jirani inaimba na masikio yake mwenyewe leo yana mvumo, "...siku mbili, bana, wakamwekea oksijeni...", nani huyo, masikini, na mdomo wa chini mbona unamlemea, anaugusa kwa ulimi, mnene, hauna habari, kama siku ile aling'olewa jino akachomwa sindano ya ganzi, lakini leo hakuna aliyemchoma sindano, na ulimi nao... hapana, ni kiu tu, anywe maji, na Mama Amolo alisema nini pale bombani, alisema kitu kuhusu mdomo, Roseline huyu wa upande wa pili wa ukuta, anayefagia kliniki na kujua mambo kuliko manesi wenyewe, alimshika mkono akaugeuza huku na huku akasema, "Mama Ndanu, hii ya ngozi haiwezi kukutoa roho, oga maji baridi, paka ile dawa ya pinki, itaenda, lakini nisikize, siku ikipanda kwa mdomo, ulimi ufure, sauti ibadilike, ama uskie kifua imekazwa na kichwa inazunguka, usingoje mzee arudi, usingoje kesho, enda hospitali hiyo saa, nimeona mtu amekuja akitembea na miguu yake, akibishana na karani, na kabla ya kadi iandikwe tumembeba." Naye Nzilani akamjibu nini? Alimjibu kesho yake, baada ya Mativo kukaa kitandani akimpaka dawa ya pinki mgongoni, polepole, kwa ncha za vidole, akimwambia pole mama, pole sana, halafu, kwa sauti ile ile ya upole, "Unajua ni nini? Ni samaki. Wewe ni Mkamba, tumbo lako halijazoea samaki, huyo mama anakuletea samaki kila wiki sijui wa lini." Na yeye akaamini, mpumbavu mkubwa, akachukua bakuli la Mama Amolo na ngege wawili wa kukaanga ndani yake, hawajaguswa, akamrudishia pale pale bombani mbele ya wanawake wote, bakuli ambalo kwa miaka sita halijawahi kurudi kwa mwenyewe bila kitu kizuri ndani, maharagwe, muthokoi, hata ndizi moja, akamrudishia na samaki wake akasema, "Sumu yako hii, mama, lisha watu wa kwako." Mama Amolo akatazama bakuli. Akainamisha macho akaondoka na ndoo haijajaa.

"...na zile mbao nyekundu, ulizitupa ama?" Hiyo ni sauti ya Nahashon, na redio imenyamaza, ndiyo maana inasikika vizuri hivyo, "kwa sababu Munyoki bado hajarudi kazi, kila mtu aliyezipiga msasa alifura, hata mimi macho ilifungana, si tulikataa wote mbele yako, tukakwambia zichomwe?" Msasa ukasimama juu ya sikio la swala. Mativo akanywa chai, fyuu, akameza, "Hizo nilimaliza zamani." "Ulimaliza? Nani alikubali kuzipiga msasa?" "Kuna mtu nilipata."

Kuna mtu. Mtu. Miaka kumi na moja ya ndoa, kanisani, na pete, na mtoto Ndanu ambaye sasa yuko kwa nyanya yake likizoni, na ashukuriwe Mungu yuko huko, kumbe yeye ni mtu aliyepatikana, na hapo mambo yote yakaanza kuja yenyewe bila kuitwa, gunia la vijiko aliloleta jioni ile akalisukuma kwa mguu badala ya kulibeba kifuani kama anavyobeba kazi zake zote kama mtoto mchanga, na "funga mlango ukifanya, vumbi lisisumbue majirani," lini Mativo amewahi kujali majirani, na kula nje kwenye ngazi wiki mbili hizi akidai ndani kuna joto, mwezi wa saba, Nairobi, joto, na kunawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko kila akiviweka vijiko kwenye boksi, na kile kitambaa kilicholoweshwa alichojifunga puani, alisema ana mafua, mafua gani hayo yasiyo na chafya hata moja, alijua, alikuwa anajua, alijua kila alipompaka ile dawa ya pinki, vidole vile vile, pole mama, alikuwa akipima kama mgongo huu utafika mwisho wa oda, na samaki akamtafuta wapi, akamchukua samaki wa rafiki yake wa pekee katika mji huu akamfanya mchawi... lo, uchungu unapanda mpaka kooni, lakini hapana, huu si uchungu, au si uchungu peke yake, koo lenyewe linabana, akivuta pumzi kuna mluzi mwembamba ndani, kama birika kabla ya kuchemka, na ukuta umeyumba kidogo, na sasa ayahesabu yale ya bombani, mdomo, ndio, ulimi, ndio, kifua, kichwa, ndio, ndio, sauti bado, jaribu sauti, "Baba Ndanu", na kilichotoka ni sauti ya mzee fulani mkavu asiyemjua.

"Ngoja kidogo, niko na mgeni," Mativo akasema bila kugeuka, naye Nahashon akanyoosha shingo, "Mama yuko sawa kweli?" "Yuko sawa, ni samaki tu, alikula samaki ya jirani."

Hata sasa bado ni samaki, na huku amesikia kwamba Munyoki aliwekewa oksijeni. Basi. Kitu ndani ya Nzilani kikakaa chini kimya, hakikulia, hatalia, kulia kunataka pumzi na pumzi iliyobaki ina kazi, na yeye hatamwita mumewe tena, hiyo ni mara ya mwisho amemwita, usingoje mzee, aliambiwa wazi kwa Kiswahili, usingoje mzee, akageukia ukuta. Kugonga mara moja ni kuomba chumvi. Mara mbili ni njoo tunywe chai. Mara tatu ni acha kila kitu uje, na hiyo waliitumia siku moja tu, Amolo alipomwagikiwa na uji, na Nzilani alifika kabla sufuria haijaacha kuzunguka sakafuni. Siku tisa ukuta huu haujagongwa. Akashika kijiko kwa shingo ya swala, akagonga, ko, ko, ko, kichwa cha swala kikiacha unga mwekundu kwenye chokaa. Kimya. Angekuwa yeye angekuja? Samaki wawili, mbele ya wanawake wote, angekuja? Akagonga tena, ko, ko, pembe ikavunjika, ko. Upande wa pili kiti kikaanguka, kitasa kikalia, miguu yenye patipati ikaja mbio ukumbini, na mlangoni, kikombe bado mkononi, chai bado ina mvuke, Mativo akajisogeza pembeni kumpisha jirani, akatabasamu, akamwambia, "Karibu, Mama Amolo," kwa sauti ya mtu aliye tayari kusamehe.