Waliomcheka Mzee Kufuli

Siku ya pili ya Krismasi, mwaka wa sabini na sita, gari la sinema lilifika Chimala saa saba mchana, na kabla ya saa tisa darasa kubwa la shule ya msingi lilikuwa limejaa watu hadi mlangoni. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili kupatikane giza. Seni alikaa kwenye dawati la nyuma, magoti yakikaribia kidevu, mkewe Roza ubavuni, na mtoto wao wa mwisho, Budeba, mapajani kwa mama yake. Alikuja kwa kuwa Roza alimwomba. Yeye mwenyewe alikuwa na ng'ombe wa kunywesha.

Sinema ilikuwa ya kikundi cha waigizaji wa Iringa, nayo iliitwa Wageni wa Mzee Kufuli. Ilikuwa ya kuchekesha. Mzee mmoja bahili anasikia kwamba wakwe zake wanakuja kula Krismasi, basi anachukua magunia yake ya mpunga na kuyafukia chini ya nyasi katika banda la mbuzi. Wakwe wanateremka kwenye basi na vikapu vyao, yeye anawapokea kwa uso wa msiba, anawaambia mwaka huu mpunga wote umeliwa na ndege. Wageni wanapewa ugali na mlenda. Siku ya Krismasi, watu wakiwa wameinamisha vichwa wanaombea chakula, mbuzi anaingia ndani akitafuna, punje zinamdondoka toka mdomoni, na mama mkwe anafumbua jicho moja, anaifuata ile njia ya punje mpaka bandani.

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Watoto walipiga madawati. Roza alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na pale utingo wa basi alipotokea juu ya paa akiteremsha vikapu vya wageni, alimshika mumewe mkono akamwambia, "Baba Budeba, yule ni kaka Anania."

Alikuwa Anania kweli, kaka yake Roza, seremala wa Iringa. Seni alimwona akicheka kwenye shuka jeupe la sinema, akainamisha uso.

Kwa maana Krismasi ya mwaka uliotangulia mama mkwe wake alifunga safari kutoka Maswa, siku nne njiani, akaja na huyo huyo Anania kuwaona. Na Seni alikuwa na magunia mawili ya mpunga ambayo hakutaka yaguswe. Alimwambia mkewe kwamba amekwisha kuyauza. Akamwambia mkwe kwamba ndege wamelimaliza shamba. Magunia yenyewe aliyalaza ndani ya banda la ndama, akayafunika kwa nyasi. Yule mama alikula ugali na mlenda siku sita, akashukuru, akarudi kwao.

Seni hakuwa amezaliwa mchoyo. Huko kaskazini, Maswa, kabla hawajahamia huku Usangu, aliwahi kuzika ndama kumi na watatu kwa kiangazi kimoja, akaona watoto wakilala bila kula. Alipopata maji na udongo mweusi wa huku aliapa kwamba njaa haitamkuta tena mikono mitupu. Ila kiapo hicho hakumweleza mtu, na jambo la magunia hakumweleza mtu. Sasa lilikuwa ukutani, mbele ya Chimala nzima, na shemeji yake yumo ndani.

Jioni ile hakula vizuri. Alimtazama Roza akiosha vyombo huku akirudia peke yake maneno ya Mzee Kufuli na kucheka tena. Alimuuliza kama siku hizi Anania anamwandikia. Roza akajibu kwamba barua ya mwisho ilikuja mwezi wa nane, naye Saulo katekista ndiye aliyeisoma, kama kawaida. Je, yeye alijibu? Alijibu. Alimwambia nini? Habari za nyumbani tu, alisema Roza. Seni akalishika hilo neno, habari za nyumbani, akalala nalo.

Asubuhi alikwenda sokoni kusikiliza watu wanasemaje. Alitaka kujua ni wangapi waliomtambua.

Makame, mwenye duka, mtu wa asili ya pwani aliyekaa Chimala miaka mingi, alikuwa na hasira. Katika sinema mna mwenye duka mmoja anayegusa mizani kwa kidole, na Makame alidai yule ni yeye, kofia ile ni yake, hata kukohoa ni kwake. Alitaka kujua ni nani aliyekwenda kumchongea Iringa. Atuganile, mama mpishi wa soko, alisema sinema ilikuwa nzuri mwanzoni, ikaharibika pale walipomfanya mama mkwe kuwa mlafi, tena mwenye kutembea kwa kuyumba kama yeye Atuganile. Saulo katekista alinung'unika kwamba wamecheza na sala. Vijana wa mashine ya kukoboa walisema hawajaona kitu kizuri kama kile tangu wazaliwe, na kwamba anayenuna ana lake.

Kila aliyesema alisema habari zake mwenyewe. Mtu mwingine angeliona hilo na moyo wake ungetulia. Seni hakuliona. Aliwaza kwamba wamekubaliana kumzuga, kwamba wanazungumzia mizani na sala ili wasitaje mpunga mbele yake. Na alipokutana na mzee Masunga, mfugaji mwenzake waliyehama pamoja toka Maswa, mzee alicheka tena kwa kukumbuka, akasema, "Watu kama yule Kufuli nimewahi kuwaona," kisha akamtazama Seni usoni. Huenda alimtazama kama mtu anavyomtazama anayeongea naye. Lakini Seni alirudi nyumbani akihesabu mtazamo ule ulidumu kwa muda gani.

Siku tatu alimchunguza mkewe. Roza akiongea na jirani kisimani, Seni alisimama mbali akitafuta kusikia. Akinyamaza, alijiuliza ananyamazia nini. Roza alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Siku ya nne alimwambia anakwenda Iringa kutafuta dawa ya kupe, akapanda lori lililokuwa likipeleka mchele, akashuka Iringa kumepambazuka.

Alimkuta Anania kwenye karakana yake nyuma ya soko, akipiga msasa mguu wa kiti. Shemeji yake alifurahi, akaagiza chai, akauliza hali ya dada yake na ya watoto. Seni alijibu kwa maneno machache. Chai ilipofika hakuigusa. Akauliza alilolibeba njia nzima.

"Shemeji, nani alikwambia habari za mpunga wa banda la ndama?"

Anania aliacha msasa. "Mpunga upi?"

Seni alimkazia macho, akitafuta kicheko kilichofichwa. Hakukiona. Akamwambia asijifanye, kwamba sinema ameiona, na kwamba amemwona yeye Anania juu ya basi. Anania akamweleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Yeye aliitwa kutengeneza meza na milango ya kuigizia, na utingo halisi alipougua wakampandisha juu ya paa. Hadithi hakuitunga yeye. Aliitunga mwalimu mmoja aitwaye Didas, tena aliitoa kwa baba yake mzazi, kule kwao Tosamaganga. Mzee yule ndiye aliyekuwa akificha mahindi kwenye banda la mbuzi kila wageni wakija. Mwanawe aliyageuza kuwa mpunga kwa sababu punje za mpunga zinaonekana vizuri kwenye picha.

"Na huyo mzee ameiona?" Seni aliuliza.

"Alikaa mbele kabisa. Alicheka kuliko sisi sote. Watu wengine hapa hawakuipenda, wapo waliotoka katikati. Yeye aliomba irudiwe."

Nje mtu alikuwa akipasua mbao. Ndipo Seni alipoona uso wa Anania ukibadilika, si kwa hasira, bali kama mtu anayejumlisha kitu taratibu: Krismasi iliyopita, ndege, mlenda siku sita. Seni alitaka kuyarudisha maneno yake, lakini yalikuwa yamekwisha kutoka.

"Mama alidhani mna shida," Anania alisema. "Alipofika kwake alisema tuwaombee."

Seni alimwomba asimwambie Roza. Anania akachukua tena msasa wake. Alisema yeye hatamwambia mtu, lakini yuko mwenye wajibu wa kumwambia dada yake, na mtu huyo hakai Iringa.

Alirudi kwa basi siku hiyo hiyo bila dawa ya kupe. Kuanzia Mafinga hadi Makambako alijisikia mwepesi kidogo, kwa kuwa mkewe hakumsaliti. Baada ya Makambako shaka ikamrudia kwa sura nyingine. Huenda Anania amekwisha kumpa dereva fulani ujumbe kwa Roza. Huenda atakuta nyumba inamngoja. Alilala Igawa kwa mtu wa kwao, akafika nyumbani kesho yake karibu na adhuhuri, akamkuta Roza amepiga magoti, anasiriba sakafu kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, mikono imefunikwa hadi viwiko.

Alikaa kizingitini akasema yote. Hakuruka kitu, hata jambo la kumsikiliza kisimani. Roza aliendelea kusiriba, mkono ukienda na kurudi, mpaka alipomaliza ile sehemu iliyokuwa mbele yake.

"Nilijua," alisema.

Seni hakuelewa.

"Nilijua siku ile ile ya kwanza. Gunia moja lilikuwa na tundu. Punje zilianzia mlangoni kwetu mpaka bandani. Kila asubuhi nilizifagia kabla mama hajaamka."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe uliyeficha, au mama aliyekuwa mgeni?" Alikwangua udongo vidoleni. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Alisema pia kwamba kwenye sinema alicheka kweli, kwa sababu ilichekesha, na kwa sababu alidhani mumewe naye ameona jinsi mambo yale yalivyo madogo mtu akiyatazama kwa mbali. Hakuwaza hata kidogo kwamba aliyekaa karibu naye alikuwa akimtafuta mchongezi. Kuhusu mpunga alikuwa amekwisha kumsamehe kitambo. Hili la kuviziwa kisimani lilikuwa jipya.

Mwezi wa pili alimchukua Budeba akaenda Maswa kumwona mama yake. Seni alimfungia mchele debe moja. Roza aliliacha pale pale lilipokuwa, akamwambia mchele wa mama yake ataupeleka yeye mwenyewe aliyemnyima. Alikaa huko hadi masika yakaisha. Seni aliwafulia watoto wakubwa, akachemsha ugali wake, na sokoni watu walipoendelea kubishana juu ya ile sinema, maana walibishana mwaka mzima, alipita bila kusimama. Roza aliporudi hakusema kama amerudi kwa furaha. Aliuliza ng'ombe wangapi wamezaa, akaingia jikoni.

Baada ya mavuno Seni alipakia magunia mawili ya mpunga, akasafiri. Maswa alimkuta mama mkwe wake ameketi nje akipeta mtama. Alikaa mbali kama inavyompasa mkwe, macho chini, akalitamka jambo lenyewe kwa kinywa chake: kwamba mpunga ulikuwapo, kwamba ndege hawakuwa na kosa, kwamba ulilala kwenye banda la ndama siku zote sita.

Mama yule alipeta mara mbili tatu, makapi yakaruka na upepo.

"Na ndama hawakuula wakavimba matumbo, baba?" aliuliza.

Seni alisema hawakuvimba. Aliinua macho kidogo, kinyume cha adabu, apate kuusoma uso wa mkwe wake, ajue kama swali lile ni la huruma au la dhihaka, na kama yeye naye alijua tangu siku zile. Mama mkwe aliinamia ungo wake. Alimwita mjukuu alete maji ya mgeni.