Kichwa Chini, Mama Mkwe Yuko

Mguu wangu haujui kukaa. Nilikuwa Bungoma, nikasikia Mukhisa wa Bokoli anashindania nafasi ya mwisho kwa timu ya gofu kule Kitale, basi nikapanda kwenda kuona. Ile shoti fupi ya kando ya shimo nilimfundisha mimi.

Si mambo mengi. Uzito mguu wa mbele, mikono itangulie fimbo, mpira uruke kidogo tu halafu ubingirike wenyewe. Na kichwa kikae chini. Hapo kwa kichwa ndipo Mukhisa hunishinda. Fimbo haijagusa mpira, yeye ameshainua macho kuutafuta, na mpira unajikokota kidogo tu, unalala.

Siku hiyo Gicheru, mpinzani wake, alikuwa amemaliza. Mukhisa alibaki na shoti moja: ikiingia, nafasi ni yake, ikikosa, ni ya Gicheru.

"Bana, inua kichwa uone vile umeshindwa," Gicheru akamchokoza.

Mukhisa akainua. Ng'ambo ya bendera ya shimo, kwa kiti cha plastiki, ameketi Mama Jentrix, mama mkwe wake. Rosaline, mkewe, alikuwa amemleta mamake aone mkwe anafanya kazi gani. Na sisi Wabukusu, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Mukhisa aliinama kama amemwagiwa maji.

"Mzee, nitapigaje?" akaninong'oneza. "Si ameketi pale pale!"

"Kwani unampiga yeye? Umeona lile jani kavu, huku kwetu kabla ya bendera? Tua hapo. Mengine uachie mpira."

Akapiga. Mpira ukatua kwa jani, ukabingirika kama ndimu iliyotoroka kikapuni, ukatumbukia. Watu wakapiga mayowe. Mukhisa bado ameinama, anatazama nyasi.

"Imeenda wapi?"

Mama Jentrix akamgeukia bintiye. "Rosaline, mwambie bwana yako imeingia. Halafu umuulize kama kazi yenyewe ndiyo hiyo."

"Hii si haki, mzee!" Gicheru akanilalamikia. "Ati mama mkwe ndiye kocha? Wangu tunakula naye meza moja, atanisaidia nini?"

Sasa mpira uko shimoni, karibu na miguu ya mama. Mukhisa akakataa katakata kuuendea. Ikabidi Gicheru aende kuutoa.

"Habari, mama."

"Mzuri, mwanangu," Mama Jentrix akamjibu, akimtazama usoni vizuri kabisa. "Wewe ndiye umeshindwa?"