Mpiga Besi Aliyewapa Watu Mgongo

Kaka alifunga mlango wa karakana yake ya makochi, akasukuma marobota ya sponji ukutani, akaweka kompyuta juu ya meza ya kukatia vitambaa. Bendi yetu ina watu watatu: yeye anaimba na kupiga gitaa, binamu yetu Tingatinga anapiga dramu, mimi napiga besi. Tatizo, kwa maneno ya kaka, ni mimi. Nikipanda jukwaani nawapa watu mgongo.

"Leo utajifunza," alisema. "Hili ni onyesho la mwanzo kabisa la ile bendi ya roki aliyoipenda baba. Kabla hawajawa watu maarufu. Angalia wanavyosimama. Jumamosi kwenye onyesho letu ukigeuka tena, dada, besi inakwenda kwa yule jamaa wa saluni."

"Yule hajui hata kutyuni gitaa," alisema Tingatinga.

"Lakini ana sura."

Picha za video zilikuwa nyeusi na nyeupe, ukumbi mdogo, moshi wa sigara, mwimbaji shati limemganda mwilini. Nilimtafuta mpiga besi. Alikuwa nyuma, gizani, ameitazama dramu. Ukumbi mzima ulikuwa unaona mgongo wake.

"Huyo naye?" niliuliza kwa sauti ndogo.

"Huyo... anarekebisha waya."

"Wimbo mzima?"

Tingatinga alicheka mpaka akaangukia sponji. "Waya mrefu huo, jamani!"

Kaka alisogeza mbele. Mgongo. Akasogeza tena. Mgongo. Mwishowe mtu mmoja ukumbini alipiga kelele, na mpiga besi akageuka, maskini, akitabasamu kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Umeona!" kaka alipiga meza. "Umeona alivyogeuka!"

"Rudisha," nilisema. "Usiangalie, sikiliza."

Alirudisha. Kijana yule alipowatazama watu, besi na dramu viliachana, kama watu wawili waliobeba kabati na mmoja akaangalia pembeni. Alipoirudia dramu, wimbo ukasimama tena kwa miguu yake.

"Kaka, simpi mtu mgongo," nilisema. "Nampa Tingatinga uso. Naangalia mguu wake unavyokanyaga."

"Watu wanalipa kuona sura."

"Ya kwako ipo. Tena kubwa."

Sikuwahi kumjibu hivyo kabla ya siku ile. Tingatinga aliinuka kwenye sponji, akaenda kukaa nyuma ya dramu yake.

"Asiyesikia la mkuu..." kaka alianza.

"Huvunjika guu, najua. Likivunjika nitapiga nimekaa. Nikikosea noti, nifukuze hata leo. Lakini hufukuzi mtu kwa sababu ya mgongo."

Nilichukua besi, nikachomeka waya.

"Nimesema geuka," alisema kaka.

Nilisimama mbele ya dramu na kuanza wimbo wa Jumamosi. Tingatinga alimtazama kaka, akanitazama mimi, kisha akakanyaga. Mahali pa ubeti wa kwanza pakafika, pakapita bila mwimbaji. Tulizunguka. Pakafika tena, pakapita tena. Hatukupunguza mwendo hata kidogo. Akitaka aingie, asipotaka tutapiga hivyohivyo mpaka umeme ukatike.

Mzunguko wa tatu aliingia, amechelewa kidogo, sauti imejaa hasira, na sijamsikia akiimba vizuri kama siku ile.

Sikugeuka kuona anaimba kwa sura gani.