Mbegu ya Muhogo wa Mama

Dada yangu Mwanatabu alipopiga simu kutoka Utange kusema anakuja kula muhogo wa mama, nilimjibu, "Karibu dada, muhogo umenawiri ajabu," kisha nikakata simu nikakaa kitako juu ya ndoo. Maana muhogo wenyewe haukuwepo. Pale nyuma ya nyumba uliposimama sasa kuna vyumba vya kupangisha vya mwanangu Anwar, na mimi ndiye niliyesimamia ujenzi, bakora mkononi, nikiwafokea mafundi utadhani nimesomea.

Muhogo si mnazi, ambao utaukuta palepale hata ukiusahau. Ukishang'oa mizizi, ule mti wake unaukata vipande, ndizo mbegu zake, unavipanda upya, na hivyo ndivyo unavyoishi. Usipopanda, basi. Mama aliupata kwa mamake, akaja nao hapa Timbwani wakati Likoni hii bado ni mashamba. Sisi wanawe tulimfuata nyuma na mafungu ya vijiti, tukitia kimoja kimoja shimoni, na ilibidi yale macho yanayochipua yatazame juu. Mimi nilikuwa nikitia ovyo.

"Zuleikha!" mama alikuwa akipiga kelele. "Wewe walala chali, mbona mwenzio wamlaza kifudifudi?"

Baba vita vyake vilikuwa na nguruwe mwitu, na kwa kuwa hakutaka kulitia kinywani jina la mnyama yule, alimwita "yule bwana". Akitoka na debe lake akilipiga: "Toka, yule bwana! Umeingia tena kwangu!" Majirani waliohamia kutoka bara wakamsikitikia mama kimyakimya, wakidhani ana mgeni wa siri.

Mama alipofariki hakuacha dhahabu. Aliacha muhogo. Mwanatabu alikuwa ameshaolewa ng'ambo ya pili huko, kwa hivyo nikabaki nao mimi. Nikaupanda, nikaupanda, mpaka mwaka jana fundi aliponiuliza, "Bi Zuleikha, hii miti ya muhogo tuiweke wapi?" Nikamjibu, "Tieni motoni, chai yenu ichemke." Wakacheka, nami nikacheka. Tangu siku hiyo kila dada akiniuliza kwa simu, muhogo wa mama wazidi kunawiri.

Basi siku ya kuja kwake nilitoka mapema nikanunua muhogo kwa mwenye mkokoteni karibu na feri. Mwikali, mpangaji wangu wa chumba cha kwanza, akaja kunisaidia kumenya.

"Mama Anwar, si huyu dada yako anakuja kula wa shambani?"

"Menya."

"Na akijua?"

"Atajulia wapi? Macho yake hayaoni."

Nilisema hivyo, wallahi, juu ya mtu aliyenibeba mgongoni mpaka nikajua kutembea. Mwikali akainamisha kichwa akamenya.

Dada akafika, mjukuu wake mmoja amemleta mpaka mlangoni akaenda zake mjini. Mwikali akampokea mkoba na kumtajia jina, nami nikaamkia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona sauti imekukauka? Umemeza mchanga?"

Nikamwekea muhogo wa nazi, tui zito, pilipili kidogo. Akatafuna polepole. Mimi nikawa naomba ukuta uniangukie.

"Ndio wenyewe," akasema, na machozi yakamtoka. "Huu ndio mkono wa mama."

Ningefurahi, si nimefaulu? Lakini tonge langu nililirudisha kwenye sinia. Yeye alikula huku akihadithia, jinsi baba alivyoosha jembe kabla hajajiosha mwenyewe, jinsi mama alivyotufichia vipande vitamu chini ya sufuria. Akafika kwa yule bwana, akacheka mpaka akashika mbavu. Kila alipocheka nilizidi kuwa mdogo.

Alipomaliza akanawa, akasema, "Sasa nikatie mbegu. Masika hayo yaja. Nataka nikaupande kule kwangu, wajukuu waujue."

Kwetu mtu akila muhogo wako akakuomba mbegu, humnyimi. Mama aliwahi kumkatia mwanamke waliyekuwa wakigombana naye, akamfungia mzigo vizuri kwa kamba, kisha akaendelea kumtukana.

"Nitakuletea, dada. Leo jua kali."

"Uniletee nini, nami nimekuja? Si uko hapo nyuma tu?"

Nikatoka nje peke yangu. Ua wa jirani una mibono, miti isiyoliwa, na kijiti cha mbono kikishakatwa, kwa mtu anayepapasa, si mbali sana na cha muhogo. Nilishika panga. Kisha akilini nikamuona dada yangu kule Utange amechutama akichimba mashimo, akipapasa macho ya vile vijiti ili yatazame juu, akimwagilia, akingoja. Nikaliweka panga chini.

Nikarudi, nikamshika mkono, nikampeleka nyuma. Nikauweka mkono wake juu ya ukuta.

Akaupapasa. Akafika kwenye mlango, akagusa kufuli.

"Hii nini?"

"Vyumba."

"Muhogo?"

"Haupo."

"Na zile simu zote, umenawiri, umenawiri?"

"Vyumba ndivyo vilivyonawiri, dada." Mdomo wangu huu. Tangu utotoni hakuna mzaha wangu ambao Mwanatabu hakuucheka. Huu hakuucheka.

"Mbegu ulimpa nani?"

"Sikumpa mtu. Mafundi walichemshia chai. Mimi ndiye niliyewaambia."

Mkono wake ulibaki ukutani. "Mama aliponiuliza muhogo tutamwachia nani," akasema, "mimi ndiye niliyesema mwachie Zuleikha. Alikuwa hataki. Alisema wewe wafanya kila kitu mchezo. Nikakutetea."

Hilo sikuwa nikilijua.

Akageuza uso. "Mwikali, mwanangu, upo? Nisindikize feri."

"Nitakupeleka mimi, dada."

"Nimemwambia Mwikali."

Wakaondoka, wameshikana mikono. Niliingia ndani, nikayaona mabaki ya muhogo kwenye sinia, nikatoka tena. Nikawafuata kwa nyuma, mbali kidogo, nikijipa moyo kwamba kwa vile haoni, hatajua. Mwikali aligeuka mara moja akaniona, akaendelea kutembea.

Tulipokaribia mteremko wa feri, dada akasimama. Hakugeuka.

"Mwikali, mwambie huyo mzee anayetufuata avue ndara. Zapiga kelele."

Nikazivua. Nikawafuata peku mpaka kivukoni, lami ikiniunguza nyayo, na hakusema nirudi.