Siku Kumi na Nne za Zege

Ubao wa ratiba ulitundikwa ukutani mwa stoo, kati ya mifuko ya saruji na kopo la misumari iliyopinda. Kila fundi aliandika hapo kazi yake na siku atakazotumia. Kisha msimamizi alipita na chaki yake ya njano, akakata kila namba nusu. Ndiyo maana walimwita Bwana Nusu, na ndiyo maana kila mmoja aliandika mara mbili. Fundi rangi, kazi ya siku tano aliandika kumi. Akishakatwa anapata tano zake, anakwenda zake akipiga mluzi.

Mama Zege, fundi wa zege, peke yake hakuuweza mchezo huo. Dari la ghorofa aliliandikia siku kumi na nne, ndipo itolewe mirunda, ile miti inayolishikilia zege mpaka likomae. Alipokuta saba ya njano, aliifuta kwa kiganja, akaandika kumi na nne upya. Akadhani yamekwisha; kumbe Bwana Nusu alirudi akaikata tena.

Siku ya saba tangu zege limwagwe, asubuhi, akakuta vibarua wameshika nyundo, na mdogo wake wa kuzaliwa, fundi bomba, yuko chini ya dari anapanga mabomba yake.

"Toka humo!" Sauti ilimtoka hata kanga ikamteleza begani. "Na nyinyi, atakayegusa mrunda nitamgusa na huu mwiko!"

"Dada, nimeambiwa tayari," mdogo wake akasema, akitoka kinyumenyume.

"Na nani? Zege limekwambia?"

Bwana Nusu akaja mbio, daftari kwapani. "Mama, usinipandishie presha. Ratiba inasema saba."

"Ratiba umeiandika wewe. Mimi niliandika kumi na nne."

"Kila mtu hapa anaongeza! Ungeandika ishirini na nane kama wenzako, leo tusingegombana."

Hapo ndipo hasira zilipompanda hasa. Kumbe kosa lake ni kusema kweli! Kumbe mdogo wake, ambaye yeye alimbeba mgongoni wakati mama yao akiwa sokoni, angefukiwa na dari kwa sababu dada yake hakudanganya!

Aliingia stoo, akatoka na kiti cha msimamizi, kile chenye mto mwekundu. Akakiweka katikati kabisa, chini ya dari, akapangusa vumbi kwa upindo wa kanga.

"Karibu baba, keti. Vibarua wataanza kung'oa ukishatulia."

Bwana Nusu alitazama juu, kisha akatazama kiti.

"Mbona husogei? Si limekomaa? Au na wewe ukae nusu?"

Kibarua mmoja akacheka puani. Bwana Nusu akageuka, akaenda mwenyewe mpaka ubaoni, akaandika kumi na nne kwa njano. Chaki ikamkatikia.

"Haya. Umefurahi?"

"Sijafurahi. Na namba za hao wengine?"

Fundi rangi akajongea kwa aibu, akafuta kumi aliyoiandika jana, isiyokatwa bado, akaandika tano.

"Hiyo ni tano kweli, bosi," akasema. "Usiikate."

Bwana Nusu akaweka chaki mfukoni. Mama Zege akajaza ndoo maji, akapanda kulimwagilia dari lake, bado ananung'unika.