Shoka la Kefa la Kwenda Ivuna

Tangu Mzee Mbonile aseme, "Utakwenda nasi Ivuna kuchukua chumvi," Kefa hakutembea tena kama watu. Alirukaruka. Asubuhi moja alimmwagia mbuzi ndoo nzima ya maji akidhani anamwagilia miche ya kahawa.

Na kwa nini asiruke? Mwaka ule wa 1934 nusu ya vijana wa Nanyala walikuwa wanamtaka Enesi, binti Mbonile, na hakuna hata mmoja aliyekwisha kukubaliwa. Safari ilikuwa ya siku nne kwa miguu, kulala porini, na mzee alitoa sharti: kijana aje na shoka moja tu, lifanye kazi zote za kambi. Yeye na mkewe Marta wakiridhika nalo, harusi baada ya mavuno. Wasiporidhika, Kefa akaoe shoka lake.

Basi Kefa akaenda kwa Anyosisye mhunzi. Akabeba kwanza shoka kubwa kuliko yote.

"Hilo siku ya pili utalibeba huku unalia," mhunzi alisema.

Akachukua dogo.

"Hilo la kuchanjia kuni za uji."

Kefa akagonga vyuma, akavisikiliza, akanyoa malaika ya mkono kwa makali, akaanza upya. Jua likahama. "Mwanangu, mchagua jembe si mkulima," Anyosisye alisema, akampa la kati. Mkia wa chuma chake ulipenya kwenye kichwa cha mpini. Mhunzi aliugonga kwa nyuma, chuma kikachomoka. Akakigeuza upande, akakirudisha, na lile shoka likawa tezo la kuchongea na kuchimbia.

Kefa alipiga kelele ya furaha mpaka kuku wakatawanyika. "Baba, hili hili!"

"Ukifika kwenye joto, kila jioni lilaze majini. Mti hukauka huko, ukasinyaa."

"Ndiyo, baba," Kefa alijibu, lakini alijibu akiwa barabarani.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Njia nzima alikuwa anamwonyesha kila mtu: shoka, tezo, shoka, tezo. Aliwaonyesha wachungaji wa ng'ombe. Alimwonyesha Enesi mara saba, na Enesi alicheka mpaka akatua mzigo. Walipokuwa wanateremka bondeni alimwonyesha mbwa. Tundu la mpini likawa linapanuka, na kadiri walivyoikaribia Kamsamba, kule kwenye joto, jua lilizidi kuukausha mti, lakini mwenyewe angejuaje? Alikuwa anaimba.

Siku ya tatu, jua bado lipo juu, wakapiga kambi. "Haya," alisema Mzee Mbonile, "tukatie nguzo za kibanda."

Mama Marta alikuwa ameketi kwenye mafiga, amempa Kefa mgongo. Ndivyo ilivyokuwa desturi: mama wa binti na kijana anayeposa hawatazamani usoni, hawakaribiani, hawasemezani. Enesi yeye alikuwa anatazama kwa macho yote mawili, kwa hiyo Kefa aliinua shoka juu zaidi kuliko kazi ilivyohitaji.

Ulioshuka ni mpini mtupu.

Chuma kilipaa, kikapita juu ya kofia ya Mzee Mbonile, kikaenda kujichomeka kwenye gogo, shibiri moja kutoka kwenye chungu cha Mama Marta.

Kefa alipiga hatua moja, akakumbuka desturi, akasimama. Kwenda kukichukua hawezi, kukiomba hawezi, na mama mwenyewe hawezi kumpa. Amebaki na fimbo mkononi, mbele ya baba wa Enesi. Aliogopa kweli, akaiona harusi yake imeruka pamoja na kile chuma.

"Mpini mzuri," alisema Mzee Mbonile taratibu.

Enesi alijiziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakimtikisika.

Mama Marta hakugeuka. Mapajani alikuwa na kambare mzima, aliyekuwa akihangaika naye kwa kisu butu tangu watue. Akakichomoa chuma, akakijaribu makali kwa kidole gumba, akakishika mkia. Chap! Kichwa cha kambare hicho. Chap, chap, samaki akaisha vipande. Kisha akakiambia chungu, kwa sauti ya kusikika kambi nzima:

"Wewe chungu, mwambie mkwe wangu chuma chake kinakata. Ila siku nyingine asikirushe, amtume mtu."

Mkwe wangu! Neno hilo lilikuwa halijatamkwa na mtu yeyote, hata na Mbonile mwenyewe. Mzee alikitazama kile chungu, kisha akakiitikia kwa kichwa.

"Chungu," Kefa alijibu kwa heshima zote, huku machozi ya kicheko yakimtoka, "mwambie mama, mkwe wake amesikia." Kisha akaketi chini kwenye vumbi, mpini mtupu bado mkononi.